Yowe Lililonaswa na Kamera ya Gari

Kamera niliifunga kwenye kioo cha mbele kwa sababu ya malori. Miaka ile ya dhahabu, barabara za Tarime vijijini zilikuwa mali ya malori ya mawe, na dereva akishakugonga alikuwa mwepesi wa kuapa kwamba wewe ndiye uliyemfuata. Mimi mtu wa Tanga nilikuwa nauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na nilikuwa nimechoka kubishana.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilisimama karibu na Gorong'a kupisha ng'ombe. Vijana wawili walikuwa wanawaswaga mbiombio. Mama mmoja akatoka kwake akipiga kelele, mikono juu. Nikashusha kioo, nikadhani anawafukuza wasile mahindi yake. Nikampungia mkono, nikaenda zangu.

Juma lilelile, kwenye kibanda cha chai, nikasikia habari. Ng'ombe wale waliibwa kwa shemeji yake yule mama, mdogo wa marehemu mumewe. Nyayo zao zilifuatwa hadi mlangoni kwa yule mjane, zikapotea hapo, kwa kuwa malori yalikuwa yameshazikanyaga. Kwa Wakurya, nyayo zinapoishia ndipo panapodaiwa jibu. Na anayeona ng'ombe wa wizi wakipita asipige yowe, ule ukelele ambao kila anayeusikia lazima ainuke akimbie kusaidia, huhesabiwa mwenzi wa wezi. Mama aliapa kwamba alipiga, ila hakuna aliyesikia, maana karasha za mlimani zilikuwa zinanguruma tangu kabla ya kupambazuka. Kesho yake mkutano wa kijiji ungeamua kama afukuzwe.

Chai ilinishinda. Nikapeleka kadi ya kamera polisi. Mkuu wa kituo alitazama, akachukua sura za wale vijana na njia waliyoshika, kisha akasema kijiji nacho lazima kione. Polisi wakimsafisha mama huyu peke yao, alisema, nani atawaamini?

Tukaenda. Watu walijaa uwanja wa shule. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia huku wakinitazama kama nimeleta sabuni za kutembeza. Shemeji mtu, fimbo mapajani, akaniita kijana kwa Kikurya, akauliza, "Mura, hako kadude kako kanajua ng'ombe wangu?" Watu wakacheka. Nilikasirika, sifichi. Mjane alikuwa ameketi chini peke yake, ameinamia miguu yake.

Kompyuta ya polisi ilikuwa ndogo na jua lilikuwa kali, kwa hiyo walioona kitu ni wa mbele tu. Lakini sauti tuliiunganisha kwenye spika za kanisa. Zikaanza kusikika injini yangu, kwato, fimbo. Kisha kioo kikashuka, na yowe likatoka.

Sijapata kuona kitu kama kile. Uwanja mzima uliinuka bila amri ya mtu. Wanaume walishika fimbo wakatimka kuelekea barabarani. Wanawake walilipokea yowe wakalisukuma mbele, na kutoka ng'ambo ya bonde wengine wakaitikia, watu ambao hata habari ya mkutano hawakuwa nayo. Mkuu wa kituo naye alikuwa amesimama, mkono kwenye kofia. Nilishindwa kuzima ile mashine. Yowe lile nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe nikaliona kelele tu, kumbe lilikuwa na nguvu ya kunyanyua kijiji.

Shemeji ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikuwa ameshafika kwenye ukingo wa uwanja alipotambua anakimbilia nini. Akarudi taratibu, fimbo bado iko juu, akasimama mbele ya mjane bila kujua aiweke wapi.

Mama hakuwa ameinuka. Alimtazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, siku ile nilikuwa nakuita wewe."