Shaka Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya shule yetu, juu kidogo ya Kebirigo, siku niliyowafundisha Kidato cha Tatu namna msemaji anavyotumia shaka kuwavuta wasikilizaji. Nilipaza sauti. Anayeanza kwa kusema "sijui nianzie wapi," nikawaambia, mara nyingi anajua vizuri sana. Anajifanya kusita ili mumwamini.

Msichana mmoja mpole, hodari wa insha, akainua mkono.

"Na kama kweli hajui, mwalimu?"

"Basi hiyo si mbinu," nikamjibu. Darasa likacheka.

Niliwapa insha. Yake ilisema: "Sijui kama muhula ujao nitaketi hapa. Labda mama atapona. Labda mimi ndiye nitakuwa mama wa wadogo zangu." Nilimpa alama ya juu kuliko wote, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Shaka imetumika kwa ustadi. Nikawasomea wenzake. Aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni haya.

Muhula ulipofunguliwa hakurudi bwenini. Wiki ya kwanza nilijiambia amechelewa tu. Wiki ya pili sikutulia. Nilisahihisha daftari mbili, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi nikiwa nimesahau nilipofika. Jumapili nilifunga safari hadi kwao, upande wa Itumbe.

Nilimkuta shambani kando ya nyumba akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi, mguu umevimba.

"Mwalimu, uliipenda insha yangu," msichana akasema, bila kinyongo.

"Niliisoma vibaya."

Mama akauliza kwa Ekegusii tunazungumza nini. Nikamweleza yote, hata kicheko cha darasa. Alimtazama binti yake, kisha akanigeukia.

"Mimi hakuniambia kitu," akasema. "Aliniambia shule haijafunguliwa."

Siku hiyo hiyo mama alimpigia simu dada yake aliyeolewa Nyamarambe. Dada akaja kukaa na watoto, na katikati ya muhula msichana akarudi darasani, akiwa amekosa mtihani mmoja.

Kila Jumatatu humwuliza hali ya mama. "Anaendelea vizuri, mwalimu," hunijibu, akinitazama usoni. Nami hubaki nimesimama pale mlangoni, chaki mkononi, sijui kama niingie nifundishe au nimwulize tena.