Neno Asilolisema Jeshini

Mie shule niliiacha mapema nikakaa nyuma ya cherahani, lakini barua ile niliisoma mwenyewe, mara mbili. Jirani yangu wa hapa Mtoni, mwanajeshi mstaafu, kanyimwa malipo ya ulemavu. Mapafu yake yameliwa na vumbi la mawe aliyokuwa akipasua kujenga makambi. Kwenda msikitini tu anapumzika mara tatu. Barua inasema: mwombaji alipoulizwa, alijibu hali yake njema.

“Uliwaambia hivyo?”

“Daktari kaniuliza, mzee, hali yako? Ulitaka nimjibu nini, yakhe? Nisimshukuru Mungu?”

Nikacheka, kisha nikaona haya. Marehemu mke wangu siku ile anakata roho, muuza maziwa aliniuliza hali yake, nikamwambia hajambo. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi tukakata rufaa. Nikamsomesha kama mwanafunzi wa chuoni: ukiulizwa, sema siwezi. Kwetu mgonjwa ndivyo asemavyo.

“Siwezi? Mie?” Akanitazama kama nimemtukana. “Jeshini neno hilo sikulisema hata siku moja.”

Ofisi ya rufaa iko Mji Mkongwe, juu, ngazi za mbao zimesimama wima kama ukuta. Nikamshika mkono, akautoa. Kila vidato vitatu akisimama, anajifanya anatazama nakshi za mlango. Mie fundi cherahani, nakshi nnazijua. Pale hapakuwa na nakshi.

Mwenyekiti wa baraza la rufaa, mwanamke wa makamo, akamwamkia: “Shikamoo, mzee. Hali yako?”

“Marahaba, mwanangu. Njema, alhamdulillahi.”

Nikainamia viatu vyangu. Kalamu ya karani ishaanza kwenda. Mzee akainua kiganja.

“Usiandike, mwanangu. Hiyo salamu. Sasa niulizeni habari ya kifua.”

Wakamuuliza. Akavuta pumzi, kifua kinapiga mluzi chumba kizima kinasikia.

“Siwezi,” akasema. “Kupanda ngazi zenu siwezi. Kulala chali siwezi. Fatiha kwa pumzi mbili siwezi.”

Nimeona watu wakibeba magunia ya karafuu. Sijaona mzigo mzito kama ule. Barua ya kukubaliwa ilikuja kabla ya mfungo, lakini mie nnaikumbuka zaidi siku yenyewe, tulipotoka. Nilimpa mkono tena, pale juu ya ngazi.

“Kushuka naweza,” akasema, akatangulia.