Chumba cha Uani

Kila mtu alimwita Kochi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa makochi, tena fundi hasa: sofa iliyobonyea katikati, akishaivua kitambaa na kubadilisha mikanda na sponji, hata mwenye sofa alishindwa kuitambua. Kisha unga wa kulevya ukamkamata. Ulianza kama mchezo na vijana wa karakanani. Mwishowe akafukuzwa kazi, akahamia kwenye baraza la duka lililofungwa zamani, akawa analala juu ya maboksi na wenzake. Pale barazani mtu akifika miaka arobaini anaitwa babu, maana wengi hawafiki.

Aliyemfuata huko ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikaa naye chini kwenye boksi, sketi yake nzuri na yote.

"Mdogo wangu, nenda kituo cha kuacha unga ukatibiwe. Chumba cha uani nakuwekea. Cherehani yako ipo, sijaigusa. Ukirudi mzima unaanzia hapo."

"Shemeji amekubali?"

"Yeye ndiye aliyenituma."

Kochi akaenda. Arosto, yale mateso ya kuacha unga, ilimkaanga: alitapika, akatetemeka, akagombana na wauguzi. Kila alipotaka kutoroka alianza kukipanga kile chumba kwa sauti, meza ya kukatia chini ya dirisha, cherehani karibu na mlango, mpaka akawachosha wagonjwa wenzake.

"Chumba chako tumeshakijua hadi misumari," walimtania.

Miezi ikapita, mashavu yakajaa, akamaliza matibabu.

Alirudi asubuhi, amenyoa ndevu, mfuko wa nguo mkononi. Uani akakuta pazia jipya na mama asiyemjua anafua. Dada yake alitokea dirishani. Mlango hakuufungua.

"Umerudi?"

"Nimemaliza, dada. Huyu mama ni nani?"

Dada akatazama pembeni. "Tumempangisha. Mambo yalibana, mdogo wangu."

"Na cherehani yangu?"

"Shemeji yako aliiuza."

"Lini?"

Dada alichezea kitasa cha dirisha. "Wiki ile ile uliyoondoka. Usinielewe vibaya. Hatukudhani ungemaliza."

Kochi aligeuka, akarudi barazani. Palikuwa na fundi viatu aliyefanyia kazi pale, rafiki yake pekee ambaye hakutumia unga. Ni huyo ambaye Kochi alimweleza yaliyotokea.

"Angenifukuza toka mwanzo ningejua moja," alisema. "Huyu alinikumbatia huku ananizika."

Fundi viatu akamwazima nyundo na kumpisha sehemu ya kukaa. Kochi akawa anatengeneza viti vya wenye vibanda, na kwa muda hakugusa kitu. Lakini wenzake walipoanza mambo yao alikuwa katikati yao, na pengine pa kwenda hakuwa napo. Siku moja akaomba simu ya fundi viatu ampigie dada. Shemeji akapokea, akaisikia sauti, akakata.

Siku hiyo Kochi akaomba sindano. Akajidunga kiasi kile kile alichozoea zamani, ilhali mwili ulikuwa umeshakisahau. Fundi viatu alipomtikisa asubuhi waende kunywa chai, mwili ulikuwa wa baridi. Hakuwa hata na miaka thelathini na tano.

Msibani dada alilia mpaka akashikiliwa. Shemeji akasimama mbele ya watu, akasema marehemu aliugua kwa muda mrefu na familia ilimhangaikia hadi dakika ya mwisho. Watu wa barazani walizuiwa getini, eti wataiba viatu vya wageni. Fundi viatu, aliyeruhusiwa kuingia kwa sababu ya shati lake safi, aliposikia maneno ya shemeji aliinuka, akatoka kusimama na wenzake. Mwili ulipotolewa wakaufuata kwa nyuma.

Makaburini dada alimsogelea fundi viatu, macho yamevimba.

"Asante kwa kukaa na mdogo wangu."

"Mimi nilikuwa rafiki yake," fundi viatu akamjibu. "Nyie mlikuwa nani?"

Shemeji akamshika dada mkono, akamwongoza kwenye gari.