Siti za Rali za Afisa Shigela

Sixbert Shigela alikuwa mrefu kupita kiasi, na hilo halikuwa kosa lake. Kosa lilianza pale alipotaka kitu kimoja duniani kikae kwa kipimo chake, na kwa bahati mbaya akampata fundi wa kumtimizia.

Alikuwa afisa mifugo kule Isikizya, akikaa Itetemia, mjini Tabora, na kila asubuhi ilimbidi ajikunje ndani ya kigari chake cha Kijapani kama shuka linalorudishwa kabatini. Kichwa kiligusa paa. Magoti yaliubana usukani pande zote mbili. Akikata kona, goti lilibonyeza honi, na watu wa kando ya barabara wakadhani wanasalimiwa, wakampungia mkono. Walimsifu kwamba ni msomi asiye na maringo. Kumbe yule bwana ndani ya gari alikuwa anaumia.

Kazini kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja alimwambia anunue gari kubwa, kana kwamba magari makubwa yanaokotwa. Mwingine alimwambia aendeshe bila viatu. Mkuu wake, mtu mfupi mwenye gari ambalo ungeweza kufanyia kikao ndani, alimshauri avumilie. Shigela akavumilia, mpaka siku moja akiperuzi simu alipoziona siti za rali: nyekundu, zimechongwa kufuata mwili, zina mbavu mbili za kumkumbatia dereva na mikanda minne ya kumfunga. Chini ya picha iliandikwa kwamba zinamfaa dereva mrefu, kwa kuwa zinakaa chini kabisa. Akaziamini papo hapo. Maisha yake yote hakuna kitu kilichowahi kutengenezwa kwa ajili yake, hata vitanda vya gesti vilimkata kwenye vigimbi vya miguu, na sasa mtu asiyemjua, huko mbali, alikuwa amemfikiria.

Siti mbili zilikuja kwa basi kutoka Dar. Akazipeleka kwa Nurdini, mchomeleaji wa Ng'ambo. Nurdini alikuwa stadi wa mageti na madirisha. Magari aliyafanya kwa hamu tu, jinsi wengine wanavyoimba kwaya. Alimkalisha Shigela sakafuni mwa karakana, miguu mbele, mikono hewani ikishika usukani usiokuwepo, akamzungushia chaki. Mtaa mzima ukaja kumtazama afisa wa serikali akiendesha sakafu.

Fundi alieleza kwamba ile reli inayosogeza siti mbele na nyuma ndiyo inayompandisha juu, kwa hiyo iondoke. Siti ichomelewe moja kwa moja kwenye sakafu ya gari, nyuma kabisa, mahali miguu ya Shigela ilipohitaji. Ya abiria nayo akaichomelea sambamba, kwa sababu hakupenda vitu visivyolingana. Hapo siti ya nyuma ikakosa pa kuweka miguu. Ikakatwa, ikabaki rafu ya kuwekea mizigo. Nurdini akauliza kama bwana afisa ana familia. Shigela akajibu kwamba mke yuko kwao Nzega, amekwenda kujifungua, kana kwamba mke akiwa Nzega hahesabiki.

Basi akafurahi, na tusimwonee wivu, maana alikuwa ameteseka. Aliendesha amejilaza, miguu imenyooka, mgongo umeshikwa vizuri. Honi haikulia tena bila kukusudia, na watu wa barabarani wakaanza kusema kwamba afisa amepata cheo na siku hizi hasalimii. Shigela hakumwambia mkewe, Nyamizi, chochote kuhusu siti. Alitaka kumshtukiza.

Nyamizi alijifungua salama mtoto wa kike, wa kwanza. Shigela alikwenda mara moja kwa basi kumwona, akampakata, akarudi kazini akiwa hajiwezi kwa furaha. Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu: kumleta mke na binti yake nyumbani. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Mama Silasi, alikubali, akasema atafuatana nao ili amwogeshe mjukuu mpaka apate nguvu. Akawatangazia majirani wote kwamba mkwe wake anakuja kuwachukua kwa gari lake mwenyewe.

Ieleweke kwamba kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, wala hawakai bega kwa bega. Katika heshima hiyo Shigela alikuwa bingwa. Akimwona mama mkwe njiani aliiacha njia akachuchumaa pembeni, na mtu wa urefu ule akichuchumaa ni jambo la kuonekana toka mbali. Majirani wa Nzega walimtolea mfano kwa wakwe zao wenyewe.

Siku ya siku akafika, gari limeoshwa linang'aa. Akachuchumaa, akamwamkia mama mkwe kwa mbali, akaitikiwa vizuri. Majirani walikuwa wamejaa uani. Silasi, kaka yake Nyamizi, akafungua mlango wa nyuma ili apakie mizigo na watu, akaiona rafu. Akaufunga. Akaufungua tena, kama mtu anayedhani amekosea mlango.

Wasafiri walikuwa wanne na siti mbili. Kwamba Mama Silasi akae mbele, bega kwa bega na mkwe, hakuna aliyethubutu hata kulitamka. Kwamba abaki, Nyamizi hakutaka kusikia. Huyu ndiye mtoto wake wa kwanza na alimhitaji mama yake. Silasi akapata wazo. Yeye ataendesha, mama atakaa na mwanawe Silasi mbele, Nyamizi na mtoto watajibana kwenye rafu juu ya godoro, na shemeji atafuata kwa basi. Akaingia kwenye siti ya dereva, akatoweka. Miguu haikufika kwenye breki. Akapapasa chini kutafuta mahali pa kuisogeza siti, akakuta chuma kimechomelewa na chuma. Wakamwekea mto mgongoni. Wakaongeza wa pili. Wakakunja blanketi. Alipozifikia pedali alikuwa amekaa ukingoni mwa siti, na majirani hawakuweza tena kujizuia kucheka.

Shigela akasema kwa sauti ndogo kwamba mabasi ni mengi. Mama Silasi akageuza uso. Mjukuu wake aende kwa baba yake kwa basi, na baba ana gari, mbele ya watu wote hawa?

Nyamizi alikuwa amesimama na mtoto muda wote huo. Akamsogelea mumewe.

"Siku fundi anakupima," alisema, "ulimwambia tuko wangapi?"

Shigela aliona aibu kweli, ile inayomfanya mtu mrefu atamani kuwa mfupi. Alinyoosha mikono ampakate mtoto, akapewa. Binti alikuwa mwepesi, amelala, hana habari na siti wala heshima.

Mama Silasi akasema kutoka mlango wa jiko, akimwelekea mwanawe, kwa kuwa mkwe haambiwi jambo zito uso kwa uso. "Silasi, mwambie mkwe sina ugomvi naye. Ni mtu mwema. Ila gari lake limejaa mtu mmoja. Likipata nafasi, aje."

Nyamizi akamchukua mtoto.

Hawakumwacha aondoke mikono mitupu. Wao si watu wa namna hiyo. Walimpa kikapu cha karanga, na Silasi, kwa utani au kwa huruma, akakiweka kwenye siti ya abiria akakifunga mikanda yote minne.

Barabara ya Nzega kuja Tabora siku hizi ni nzuri, na gari lilikwenda bila tabu. Mgongo haukumuuma hata kidogo. Shigela alinyoosha miguu yake yote miwili, akalia mpaka karibu na Isikizya. Hapo akajifuta macho, kwa sababu watu wa pale wanamjua, ingawa kwa jinsi alivyokaa chini hakuna ambaye angemwona.