Mnunuzi Asiyepatana Bei

Kuanzia Septemba mpaka mvua ya kwanza, Mwahija alijua jua lilipo kama karani anavyojua bosi wake alipo. Asubuhi lilikuwa nyuma ya kibanda, na hapo hapakuwa na neno. Saa nne lilipanda juu ya nyasi za paa. Ikifika saa saba lilimgeukia uso kwa uso, likaingia kibandani bila hodi, na nyanya zilizokuwa ngumu alfajiri zikaanza kulegea kwenye kichanja. Dawa yake ilikuwa gunia. Alililowesha, akazifunika nyanya, na kila lilipokauka alilowesha tena. Maji yalitoka kisima cha mbali. Kwa hesabu ya ndoo alizokwisha kubeba kichwani, nyanya za Mwahija zilikuwa zinakunywa kuliko yeye.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Mwanza, pale Maganzo, miti minne na paa, kikitazama vumbi. Hakuzaliwa hapo. Aliolewa Geita na dereva wa machimbo ya dhahabu, wakakaa Kalangalala katika nyumba ya bati, na machimbo yalipofungwa miaka ya sitini mume alisema watahamia penye almasi, kwa kuwa almasi haiishi. Almasi haikuisha. Aliyekwisha ni mume, kwa homa, mwaka wa pili. Mwahija akabaki na mtoto mmoja, Sabiti, na uamuzi mmoja: atauza kitu ambacho mtu akikishika anakijua ni nini. Akaenda kwa wakulima wa bustani za bondeni, akanunua tenga la kwanza la nyanya. Sabiti alikua, akaajiriwa Tabora, akaoa huko. Mama yake alibaki na kibanda, na kufikia mwaka themanini na tatu alikuwa amekaa pale miaka kumi na sita bila kugusa jiwe la almasi hata moja, jambo ambalo Maganzo watu walilisema kwa sauti ya kumhurumia.

Mwaka huo haukuwa wa kukaa vibaya barabarani. Walikuwa wanasakwa wahujumu uchumi, na kila aliyekuwa na kitu alitakiwa aeleze alikipataje. Mwezi wa Septemba, jirani yake wa mkono wa kulia, Zamoyoni muuza vitunguu, alipata mteja aliyenunua gunia zima kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, akaliacha pale, akasema atalipitia. Gunia likapekuliwa kabla hajarudi. Kati ya vitunguu likatoka jiwe limefungwa kwenye kitambaa. Mteja hakuonekana tena. Zamoyoni alionekana sana, amekaa nyuma ya lori, anapelekwa Shinyanga. Kibanda chake kilichomwa moto siku hiyohiyo, na hadi Oktoba mke wake alikuwa bado anampelekea chakula na kurudi hajui kesi itasomwa lini.

Ndiyo maana siku ile, saa sita mchana, mgeni alipomsalimia, Mwahija aliangalia viatu vyake kwanza. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi, na vumbi halijavizoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyanya. Za asubuhi hii, bado zina umande."

Maganzo haijaona umande mwezi wa Oktoba tangu iitwe Maganzo, lakini ndivyo nyanya zinavyosifiwa, na mteja hutakiwa acheke au abishe. Huyu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa taarifa.

"Matenga yote mawili ni bei gani?"

"Mia mbili," alisema Mwahija, akageuza uso pembeni.

Kugeuza uso ni sehemu ya bei. Unampa mnunuzi nafasi ya kushtuka, kuguna, kuuliza kama nyanya hizo zimetoka Ulaya, kuondoka hatua saba na kuitwa arudi. Mnateremka pamoja mpaka mia na ishirini, anaziminya mbili tatu kwa kidole gumba, anadai nyongeza, unamlaani kidogo, unampa, mnaagana kama ndugu. Mwahija alipogeuka tena, noti zilikuwa juu ya gunia.

"Nakwenda Mhunze kutafuta mchele na mbuzi," alisema yule mgeni. "Nitazipitia jioni. Asante sana mama."

Hakuminya hata moja. Hakudai nyongeza. Alipanda gari lililokuwa linamsubiri, likaenda zake.

Mkono wa kushoto alikuwepo Limi, Msukuma wa hapohapo, muuza maembe na michembe ya viazi vikavu, mwanamke ambaye macho yake yalifika mbali kuliko sauti yake, na sauti yake ilifika stendi.

"Mayu," alisema Limi, akimwita mama kwa Kisukuma, "huyo hakupatana."

"Nimeona."

"Hata kidogo. Hata kwa adabu."

"Limi, nimeona."

"Na Zamoyoni wako alipewa hivyohivyo. Akashukuru Mungu."

Mwahija alifunua gunia akazitazama nyanya. Zilikuwa zilezile alizozipanga mwenyewe, ila sasa zilikuwa za mtu mwingine, na Maganzo palikuwa na aina moja tu ya mtu anayelipa bei ya kwanza: mnunuzi wa mawe. Yeye huwa ananunua sababu ya kusimama barabarani, na sababu haina haja ya kupunguzwa bei. Kama yule mgeni aliacha kitu pale, Mwahija hakukiona. Kama hakuacha, hakuna ambaye angeamini. Kuzitupa asingeweza, kwa kuwa zimelipiwa. Kufunga kibanda na kwenda nyumbani kungekuwa ni kukiri. Alifanya kitu pekee alichokijua. Alichota maji, akalowesha gunia.

Saa saba basi la Mwanza likasimama. Abiria walishuka na kiu zao, wakavamia maembe ya Limi, halafu wakaja kwenye nyanya.

"Fungu shilingi ngapi?"

"Zimeuzwa."

"Zote hizi?"

"Zote."

"Sasa umezipanga za nini, mama, maonyesho?"

Walicheka wakaondoka, na kicheko chao kikamletea hasara mpya. Kibanda kilichojaa nyanya, mwenyewe amekaa, joto limepanda, na hauzi: habari ya namna hiyo haihitaji baiskeli. Kabla ya saa nane Onesmo alikuwa amefika.

Onesmo alikuwa mkuu wa mgambo wa pale. Shati lake lilikuwa la sare moja na suruali ya sare nyingine, na fimbo yake ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyelipata jiwe la Zamoyoni, na tangu siku hiyo alikuwa anatembea kama mtu anayesubiri la pili. Kwa kawaida alikuwa akichukua nyanya nne kila alipopita, akiziita za kuonja. Alikuwa ameonja kwa miaka mitano.

"Mama Sabiti, nipe za kuonja."

"Zimeuzwa, baba."

"Kwa bei gani?"

"Mia mbili."

Onesmo alitikisa kichwa taratibu. "Na wewe ulianza na ngapi?"

Limi aliacha kupanga maembe. Hata nzi walionekana kusubiri. Mwahija angeweza kusema mia tatu. Lakini Limi alikuwa amesikia, mke wa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesikia, na uongo wenye mashahidi wawili ni kifungo kingine.

"Mia mbili."

"Basi," alisema Onesmo, karibu kwa upole. "Leta karai."

Alimwagiza azikamue moja moja kwa mikono yake, yeye akiangalia. Jiwe linaweza kusukumwa ndani ya nyanya kupitia kwenye kikonyo, alieleza, akawaeleza pia waliokuwa wamekusanyika, na hakuna aliyemuuliza alijuaje. Mwahija akachuchumaa juani. Alizijua nyanya zile kwa uzito. Alikuwa amelipia kila moja na kuibeba kutoka bondeni. Alipasua, akaminya, akaonyesha kiganja kitupu, akatupa ganda kwenye karai. Akachukua nyingine. Kila alipokaribia kuminya, watu walikaribia. Kila kiganja kilipotoka kitupu, walirudi nyuma wamechukia kidogo, kana kwamba wamepunjwa. Tenga la kwanza likaisha. Maji mekundu yalimfika viwiko, mbegu zikamkaukia kwenye khanga. Katikati ya tenga la pili kidole chake kiligusa kitu kigumu, akaacha kuminya. Ilikuwa nyanya mbichi.

Saa kumi karai lilikuwa limejaa, na sufuria mbili za Limi pia. Jiwe halikuwepo.

"Mnaona ujanja?" Onesmo aliwauliza watu. "Halimo. Kwa hiyo alikuwa ameacha pesa tu. Jiwe linakuja jioni, na huyu mama ndiye wa kulipokea."

"Baba Onesmo, mimi sijawahi..."

"Lori la Shinyanga linapita saa kumi na mbili. Asipokuja, utapanda wewe. Akija, mtapanda wote. Kaa hapo, muuzie kama kawaida. Ukimpa ishara, nitaiona."

Akaenda kuketi nyuma ya maembe ya Limi na mgambo wawili. Limi aliwasogezea gunia la michembe wakalie. Hakuwapa embe.

Mwahija alinawa. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa macho na halikuwa limepunguza chochote. Alikuwa anafikiria kibanda cha Zamoyoni, jinsi nyasi kavu zilivyowaka kwa muda mfupi kuliko alivyotegemea. Alikuwa anafikiria pia kwamba yule mgeni akija, ataziona nyanya zake zimekuwa uji, na mtu wa aina yake atasema haidhuru. Neno hilo moja lingetosha. Mtu anayelipa mia mbili na kupewa uji na kusema haidhuru hakuja kwa ajili ya nyanya. Hata yeye Mwahija angemfunga.

Gari likaja saa kumi na moja na nusu. Nyuma kulikuwa na mbuzi wawili na magunia ya mchele. Mgeni aliteremka, akatazama kichanja kitupu, akatazama karai.

"Mama, nyanya zangu?"

"Ndizo hizo."

Ilionekana wazi kwamba ni mtu mwema, na Mwahija akamchukia kwa hilo.

"Hai..." alianza.

"Na hela ya kukamua hujanipa," alisema Mwahija.

"Hela ya nini?"

"Ya kukamua. Nimekamua mchana kutwa. Shilingi hamsini."

"Mama, mimi sikukuagiza ukamue."

"Hukusema nisikamue. Na karai hili je? Utabebea viganjani? Karai ni mia."

"Mia," alirudia mgeni. Kitu kilikuwa kinaamka usoni mwake taratibu, kama mtu anayekumbuka lugha ya bibi yake. "Karai hili limetoboka, mama."

"Limetoboka wapi?"

"Hapa. Na hapa limezibwa kwa lami. Karai jipya ni arobaini."

"Nenda kalinunue hilo jipya, mwanangu, uje umwage nyanya humo ukiwa umevaa hivyo viatu."

"Nilinunua nyanya nzima! Nimelipa nzima, napewa supu, halafu niongeze?"

"Wengine wanakamua wenyewe. Wewe umekamuliwa. Themanini, karai na kazi."

"Sitoi hata senti. Nirudishie mia."

"Mia? Nyanya unazo, unataka na hela?"

Sauti zilikuwa zimepanda. Yule mgeni alikuwa amevua koti. Alisema anaitwa Valerian, ni mpishi wa misheni, kesho wanalisha watu mia tatu kwenye upadrisho, na hajawahi kuona mama mwenye umri huo akiiba mchana kweupe. Mwahija alimjibu kwamba watu mia tatu hawana meno ya kuuliza nyanya iliingiaje kwenye sufuria. Valerian akahesabu mbegu. Akaonja uji kwa kidole, akasema una chumvi ya jasho, kwa hilo apunguziwe. Akatembea hatua saba kuelekea kwenye gari. Mwahija akamwita. Akarudi.

"Mchana ulinyamaza kwa nini?" Mwahija alimuuliza, na hilo halikuwa biashara.

"Kabla ya misheni nilifanya kazi duka la ushirika miaka kumi na miwili. Bei tuliiandika kwa chaki. Mtu akiomba punguzo tulimwona mgonjwa. Nilidhani huku nako..." Akaitazama sufuria. "Nirudishie thelathini, uniazime karai, tuachane."

"Ishirini. Karai lirudi."

"Na nyongeza je?"

Nyuma ya maembe, Onesmo akasimama. Alikaribia polepole, akapita kwenye gari, akainua magunia ya mchele, akamtazama mbuzi mmoja mdomoni. Halafu akamtazama Valerian, aliyekuwa ameshika upande mmoja wa karai huku Mwahija ameshika wa pili, wote wawili wamerukiwa na uji mwekundu mpaka kwenye viwiko.

"Huyu hana jiwe," aliwaambia mgambo wake, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Mwenye jiwe hawezi kugombania karai bovu."

Lori la Shinyanga lilipita saa kumi na mbili bila kusimama. Mwahija alimrudishia Valerian ishirini, akamwongezea vitunguu vinne kutoka kikapu chake cha nyumbani, akakunja gunia lake, ndipo akakaa chini. Limi alimpa embe bila kusema kitu, jambo lililomshangaza hata mke wa fundi baiskeli.

Kesho yake, nyanya mpya zilikuwa kichanjani na gunia lilikuwa limeloa. Onesmo alifika mapema, peke yake, bila fimbo. Hakutaja kuonja. Aliuliza fungu ni shilingi ngapi. Mwahija akasema kumi, akageuza uso. Aliposikia sarafu zikiwekwa juu ya kichanja, zote kumi, aligeuka upesi, akatazama kulia na kushoto.

"Patana, baba," alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia."