Theluthi ya Baba

Kwetu Nyamira, mvulana akishatoka jandoni haingii tena chumba anacholala baba yake. Tunaiita chinsoni, adabu ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana. Nilifundishwa hivyo kidonda kikiwa bado hakijapona, na nimeishika. Ndiyo maana siku ile mahakamani nilitamani kuwa nje.

Baba alituacha dada yangu mdogo akiwa darasa la kwanza. Alienda kukaa Kiogoro na mke mwingine, akapata kazi ya ubawabu mjini Kisii. Mahakama ilimwagiza atupe matunzo. Alituma mara chache, kisha akanyamaza. Mimi nikaishia darasa la nane. Sasa dada alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni, na mama akarudi mahakamani kuomba malimbikizo yakatwe kwenye mshahara wa baba kabla haujamfikia. Aliniambia nimsindikize.

"Wewe ni mwanamume. Ukikaa kando yangu ataona haya."

Aliyeona haya ni mimi.

Karani alisoma karatasi ya mshahara ya baba kwa sauti, watu wote wakisikia. Alitaja mshahara mzima, kisha mkopo wa chama cha akiba uliokuwa ukila nusu yake, kisha kilichobaki. Kilikuwa kidogo. Baba alisimama na sare yake ya kazi, kola imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Niliinamisha kichwa kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzazi wake anaoga.

Hakimu, mwanamke wa makamo, alieleza polepole, mkalimani akitafsiri kwa Ekegusii, lugha yetu. Makato yote yakijumlishwa hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi mkononi.

Mama alisimama kabla hajaitwa. "Mheshimiwa, na yeye alituachia theluthi gani?"

"Sema, mama!" mwanamke mmoja nyuma yetu akadakia. "Yeye ale theluthi, watoto wale maganda ya ndizi?"

Watu wakacheka. Askari akawanyamazisha.

"Nimekusikia, mama," hakimu akasema. "Deni halifutwi. Lakini nikimwacha bila nauli na bila chakula, kesho hataenda kazini, na wewe hutapata hata hicho kidogo."

Hesabu za sehemu nilizipenda shuleni. Ukitoa nusu iliyoliwa na mkopo na theluthi ya baba, yetu ilibaki sehemu moja ya sita. Niliipata kichwani karani akiwa bado anabonyeza kikokotoo, nikajua dada hataenda bweni. Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilimwonea baba huruma, na huruma hiyo ikanifanya nishindwe kumtazama mama.

Nje, baba alinikuta nimeegemea ukuta. Alininyooshea mkono bila kuniangalia usoni.

"Umesikia yote."

"Sikusikiliza, baba."

"Ulisikia." Akavaa kofia yake, akaondoka, maana zamu yake ilikuwa inakaribia.

Tukirudi nyumbani mama aliniuliza, "Ulikuwa unainamia nini? Mwenye kosa si yeye?"

Dada anasoma shule ya kutwa karibu na Kebirigo. Sehemu yetu ya sita inalipa chakula cha mchana na vitabu. Sare niliinunua mimi, kwa kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu. Mwisho wa mwezi pesa huingia kwenye simu ya mama. Mama hajui kusoma, na saa hizo dada huwa bado yuko shuleni, kwa hiyo huniletea mimi.

"Soma."

Nasoma polepole, neno kwa neno.

"Soma tena. Labda wameongeza."

Nasoma tena. Hawajaongeza. Namrudishia simu, natoka nje, na mlango naufunga taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala humo ndani.