Trauti wa Saa Sita Mchana

Jirani wa ghorofa ya juu alipoomba kumpeleka binti yangu mtoni, nilipaswa kukataa. Nilisema, "Mchukue."

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nilijifunza kuvua trauti kwenye mto unaoshuka Mlima Kenya, na huko tulitupa mshipi alfajiri. Kwa hiyo binti yangu alipotaka kujifunza, nilimfundisha kufunga inzi bandia wa manyoya kwenye ndoana, awe chambo, kisha Jumamosi moja ya Januari tukaondoka Etobicoke, mtaa wetu huku ughaibuni, kukiwa bado giza, hadi mto unaoteremka vilima vya kaskazini.

Kulipokucha, barafu ilikuwa imeziba vipete vinavyopitisha mshipi kwenye ufito wa kuvulia. Kila akitupa mshipi mara mbili, alilazimika kuvipulizia pumzi ili viyeyuke. Trauti walikuwa wamelala chini kabisa, kwenye vina virefu, wamezubaa kwa baridi. Kufikia saa tatu hakuhisi vidole vyake.

"Baba, si tuje mchana siku nyingine?"

"Mchana ni wa wavivu."

Jirani, Mkongo tunayesali naye, alicheka sana nilipomsimulia. "Mzee, saa ile samaki ingali inalala! Acha jua ipige maji kwanza. Nimupeleke mimi?"

Nikamwambia ampeleke, nikijua watarudi mikono mitupu.

Walirudi na picha. Binti yangu ameshika trauti mrefu kama mkono wake, na kwenye theluji nyuma yake vinatambaa vidudu vyeusi, chakula cha trauti ambacho jua lilikuwa limekitoa majini. Saa sita mchana hasa. Inzi aliyemnasa nilikuwa nimemfunga mimi, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Pembeni mwa picha kilionekana kidole cha jirani, na nilikitazama kidole kile zaidi kuliko samaki.

"Jumamosi ijayo twende wote, Baba," alisema.

Nikasema goti linauma. Halikuwa likiuma.

Huu ni msimu wa tatu wa baridi. Nasimama dirishani nikiwaona wakipakia vifaa garini, wanacheka, naye jirani anamwita "mama" kama binti wa kumzaa. Mwezi uliopita alinishika mkono kwenye lifti. "Hongera, mzee! Mutoto anaolewa!"

Nikaitikia kana kwamba najua. Sikuwa nimeambiwa.

Binti yangu bado ananiheshimu na kuniletea dawa. Lakini mambo ya moyoni anamwambia yule aliyesimama naye majini, na nafasi hiyo niliitoa mwenyewe.